Ombi la Kufunga Darasa la Mwalimu Syamsidar

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa, Datuk Rajo Pangulu, mkuu wa ukoo wetu,

Shikamoo Mjomba. Natumaini hujambo huko nyumbani kwa mkeo. Ni mimi mpwao Gusmaini, niliyemaliza shule juzi juzi. Nakuandikia kwa sababu mbele yako sauti hunikauka.

Nimesikia kwamba Jumapili kikao cha ukoo kitaamua kama lifungwe darasa la kusoma ambalo Mwalimu Syamsidar hulifanya sebuleni kwa Bibi. Umesema riwaya anazotunga, na za wanawake wote, zinaharibu nyumba. Nakuunga mkono, na madhara yenyewe ni haya:

1. Mama amepotoka. Rendang, nyama yetu ya tui la nazi, hukorogwa kutwa nzima, nawe unajua. Siku hizi mkono wa kulia unakoroga na wa kushoto umeshika riwaya. Juzi Baba alitafuna kidogo, akauliza, "Mama Gusmaini, nyama hii imeungulia sura ya ngapi?" Mama akajibu, "Ya tisa. Ungekuwepo hata wewe ungeiacha iungue."

2. Bibi, ambaye hakuwahi kushika kalamu, amejifunza kusoma uzeeni ili anikamate nikiruka kurasa ninapomsomea riwaya ya Mwalimu kuhusu mjane. "Umeruka!" hunikemea mbele ya wageni. "Mjane bado yuko nyumbani, wewe umeshamfikisha kivukoni?"

3. Shuleni wameingiza hadithi ya Mwalimu kwenye mtihani. Swali lilikuwa: mjane alitaka nini? Binamu yangu Zulhendri aliandika, "Sijui, sikumuuliza," akapata sifuri. Tangu hapo anauliza. Alimuuliza dada yake kama amechoka, na dada yake akaanza kulia, akidhani kuna msiba.

4. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikijificha nyuma ya pazia wageni wakija, nilimuuliza ustadhi kwa nini katika vitabu vya zamani mwanamke kazi yake ni kulia dirishani tu. Akasema, "Kaa chini, binti!" Nilikuwa nimekaa.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwalimu macho yake yamechoka, na anataka darasa la watoto nilichukue mimi. Nisimame, Mjomba! Mbele ya watu! Ukilifunga utakuwa umeniokoa.

Lakini nakuomba tusifanye kazi nusu nusu. Kama maneno ya mwanamke hayapaswi kuingia katika nyumba ya ukoo, basi na yaliyokwisha kuingia yatoke. Herufi ulifundishwa na Mama, dada yako, kwa mkaa, ubaoni jikoni, itabidi umrudishie. Hotuba yako ya kumpokea bwana harusi, ile iliyowaliza wazee, aliitunga Bibi, na ulipokwama alikunong'oneza nyuma ya ukuta. Nayo irudi. Nyumba yenyewe ni ya Bibi, kama ilivyokuwa ya mama yake. Kwa hiyo naona kikao kifanyike nje, wajumbe wasiojua kusoma waketi mbele, na kwa kuwa mpishi ni Mama, kila mmoja aje ameshakula kwake.

Nakushukuru kwa kunisikiliza. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Zulhendri anakusalimu na anauliza kama umechoka. Bibi hakusalimu, anasema utamkuta hapo hapo sebuleni.

Mpwao mtiifu,
Gusmaini

N.B. Mjomba, ile riwaya ya mjane uliyoichukua Ijumaa ili ukawaonyeshe wajumbe uovu wake, tunaiomba. Hatuna nakala nyingine. Mkeo amemwambia Mama kwamba unaisomea kwenye ghala la mpunga, na kwamba jana ulitoka humo macho mekundu ukisema ni vumbi. Tafadhali usiniambie kama mjane alivuka. Mwalimu aliugua wiki iliyopita, nikalazimika kusimama mimi, na tulipofika kivukoni watoto walikataa kwenda nyumbani. Wanakuja kesho alasiri. Wanasema sauti ya mjane hakuna aijuaye ila mimi.