Kikohozi cha Baba

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi wajumbe wa chama wanachagua mgombea wa jimbo. Kiti alikikalia babu, akakikalia baba, sasa zamu yangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Tatizo ni dada yangu mdogo, yule muuguzi. Naye kachukua fomu. Nimemuuliza baba anamuunga mkono nani. Kajibu anaunga mkono chai yake isipoe.

Laiti angetaja jina langu. Mara moja tu.

Jumatano, 5 Machi

Dawa nimeipata! Nimefukua kaseti ya hotuba ya baba, ile ya kuahidi daraja la mtoni, iliyompa ushindi. Naikariri yote, pamoja na kile kikohozi kabla ya "ndugu zangu". Mke wangu kauliza kama nina mafua. Nikamwambia hii ni siasa. Kaniletea asali.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kwa dada kumpeleleza. Hana hata hotuba! Anapiga pasi sare zake. Nikamhurumia, maskini.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye kikohozi, ukumbi mzima ukakohoa pamoja nami. Kumbe hotuba yenyewe ilikuwa ya babu, na kikohozi pia! Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanimalizia sentensi ya daraja, kisha akaniambia nikae nipumzike, mwanangu.

Dada akasimama. Akasema daraja tumeliahidi tangu enzi za babu na hakuna hata nguzo, basi anaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Akafuta machozi. Halafu vigelegele!

Nimepata kura mbili. Moja yangu. Ya pili mke wangu anaapa si yake.

Nilijificha nyuma ya ukumbi. Baba akanifuata, akakaa nami kwenye ngazi, akasema nimekohoa vizuri kuliko yeye. Akaniita kwa jina langu. Nililia kama mtoto, na sioni haya kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Dada kaja kunikumbatia. Anataka twende wote mtoni, tuwasikilize watu wanaovuka kwa miguu. Nimemwambia atangulie, nina kazi.

Miaka mitano si mingi. Ile hotuba yake niliirekodi kwa simu. Nimeshaikariri nusu, pamoja na radhi. Machozi ndiyo bado yanachelewa.

Nimemtuma mke wangu vitunguu.