Kiazi Haendi Cheongsong

Jumatatu, 16 Novemba

Mdomo wangu huu!

Leo mezani mamamkwe katangaza kwamba Jumamosi, siku ya kutengeneza kimchi, kabichi zetu za chumvi na pilipili, ya msimu wote wa baridi, mdogo wake Man-sik atakuja na gari la mizigo kutoka Cheongsong. Ataleta matufaha. Ataondoka na kimchi. Na Kiazi, akalinde shamba.

Nikasema Kiazi si mbwa wa kulinda matufaha, ni mbwa wa kuwinda. Mamamkwe akamtazama Kiazi, aliyelala chali chini ya kiti cha mwanangu Daon akisubiri wali udondoke. Akaniuliza anawinda nini, punje? Baba Daon akainamisha uso kwenye supu. Mume wangu ni mtu mwema, ila mama yake akianza kuzungumza, yeye hushikwa na njaa ghafla.

Hapo ndipo mdomo uliponiponyoka. Nikasema msimu unafunguliwa Ijumaa, na Kiazi ataleta fezanti kabla ya siku ya kimchi. Jogoo wa porini mzimamzima, mkia mrefu kama fimbo ya mwalimu! Mamamkwe akafuta midomo taratibu. Haya, Mama Daon, akasema, mimi nitasukuma unga wa mandu, vile vitumbua vya kufungia nyama. Nyama ya fezanti ikiwemo ndani, mbwa abaki. Isipokuwemo, mbwa apande gari. Tumekubaliana?

Tumekubaliana, nikasema. Kwa sauti kubwa, jirani wasikie.

Kweli, sijawinda tangu mimba ya Daon. Kweli, Daon sasa anakimbia na kusema "hapana" kutwa nzima. Kweli, kazi ya Kiazi siku hizi ni kuokota viatu, vijiko, taulo, chochote kilichoanguka, na kukiweka mapajani kwa Daon. Lakini Daon halali bila kushika sikio la mbwa huyu. Hilo mamamkwe halijui, maana anayembembeleza mtoto ni mimi.

Haendi Cheongsong. Basi.

Jumanne, 17 Novemba

Mazoezi yameanza. Nilipata bawa kuukuu la fezanti stoo, la enzi zangu. Nikalifunga kwenye soksi ya Baba Daon, nikalitupa nyuma ya mitungi ya soya, nikapiga mluzi. Kiazi akatoka mbio! Akanusa! Akainua mguu! Machozi yakanilenga.

Ulikuwa mguu wa nyuma, si ule wa mbele wa kuonyesha windo. Mtungi ulikuwa wa mamamkwe.

Mchana nikaenda dukani kwa Kaka Dong-pil, muuza mbolea. Zamani tulikuwa tukiwinda watatu: yeye, mimi, na Suk-yeong rafiki yangu wa shule. Dong-pil ana mbwa aitwaye Jemadari, ambaye cheti chake cha ukoo kimetundikwa ukutani kwenye fremu, juu ya picha ya harusi ya mwenyewe. Nikamwambia nimerudi. Akauliza, nimerudi kutoka wapi? Nikasema kutoka uzazini, na nataka nafasi yangu ya zamani kule mgongoni mwa kilima.

Imejaa, akasema. Nitakaa chini, kijitoni, mahali pa mbeba chakula. "Ukiona kitu kinapita, Mama Daon, piga mayowe." Kisha akamtazama Kiazi akauliza mbele ya wateja, huyu ni mbwa au mto wa kulalia?

Nikamjibu kwamba mto huu ndio uliomtoa porini siku ile alipopotea na dira yake mkononi. Wateja wakacheka. Dong-pil akaanza kupanga magunia yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Suk-yeong ananiambia nilipaswa kunyamaza. Mimi? Ninyamaze? Thubutu!

Alhamisi, 19 Novemba

Kuna kikwazo. Ijumaa ya uwindaji ndiyo Ijumaa ya kutia kabichi chumvi. Mamamkwe kaondoka na wanawake wenzake kwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, kulainisha mabega kabla ya kazi, kama kila mwaka. Atarudi kesho jioni. Kaniachia amri: kabichi ziingie kwenye chumvi kesho alasiri, wala si mapema, zigeuzwe jioni, na keshokutwa asubuhi zisuuzwe.

Nilikaa nikafikiri. Kabichi ina saa? Kabichi inajua leo ni siku gani? Haijui. Nikizitia leo, kesho niko huru kama upepo. Mpango safi! Sijui kwa nini wanawake wa kijiji hiki wameteseka vizazi vyote bila kuligundua hili.

Basi nimezipasua zote, nimezipanga kwenye beseni kubwa uani, nimemwaga chumvi ya mawe. Na kwa kuwa sitakuwepo kuzigeuza, nikaongeza chumvi, kufidia. Daon alinisaidia. Kila nilichokitia, naye alitia chake: kabichi, kabichi, kijiko, kabichi, kiatu. Viatu nimevitoa.

Baba Daon alichungulia akauliza kwa upole kama si mapema mno. Nikamwambia yeye ashughulike na saruji ya kiwandani kwake.

Ijumaa, 20 Novemba

Siku ya siku! Mgongo unauma, macho yanawaka, mikono inanuka kabichi. Nimevaa kizibao changu cha rangi ya chungwa. Kimebana. Nimekivaa vivyo hivyo.

Bunduki zetu hulala kituo cha polisi mwaka mzima. Asubuhi unaichukua, jioni unairudisha, na hupewi bila mwenzio kusaini kwamba mtakuwa pamoja. Wangu angekuwa Suk-yeong, lakini yeye ni wa posta, na wiki hii Korea nzima inawatumia watoto wake kimchi Seoul. Akasema atachelewa. Akabaki nani? Dong-pil. Alisoma karatasi kana kwamba anauziwa shamba. Akamuuliza polisi, je, mama huyu akisinzia mlimani, lawama ni yangu? Polisi, kijana mdogo, akasema kweli ninaonekana nimechoka. Nikamwambia aoe kwanza, apate mtoto asiyelala, halafu aje tuzungumze habari za uchovu. Akanipa bunduki upesi.

Nikakaa kijitoni kama nilivyoagizwa. Suk-yeong akanikuta huko, amevaa viatu vyake vya ofisini, na wali wa kufunga kwa mwani mkononi. Juu, Jemadari alimrusha fezanti wa kwanza kutoka kichakani. Jike. Majike hayapigwi, ni sheria. Akarusha wa pili. Jike. Nilimsikia Dong-pil akimsema Jemadari kwa jina lake kamili la kwenye cheti.

Kiazi alikuwa amelalia buti zangu. Ghafla akasimama. Pua mbele. Mwili mzima ukakaza kama kamba ya nguo. Akainua mguu. Wa mbele!

Jogoo akachomoka kwenye matete kwa kelele ya mlango wa bati, shingo ya kijani, mkia ule! Nikapiga. Akaanguka! Suk-yeong akanikumbatia, wali ukamwagika. Nikapaza sauti kuelekea kilimani maneno nisiyoyaandika hapa, maana siku moja Daon atajua kusoma.

Kiazi akamwokota polepole, mdomo laini kama zamani. Akanitazama. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono.

Akanipita.

Akaendelea na safari. Akafuata kijito, akakata shamba la ufuta, akapita kituo cha basi, mkia wa jogoo ukipepea ubavuni. Ndipo nikaelewa. Kiazi akiokota kitu, hukipeleka kwa Daon.

Suk-yeong alimkimbilia na viatu vile vya posta, akarudi na kimoja. Mimi nisingeweza. Bunduki haikanyagi nyumbani, lazima irudi kituoni kwanza, na aliyesaini nami ni Dong-pil, na Dong-pil akasema siku bado mbichi. Akasema pia kwamba yeye hakuona jogoo yeyote. Kaona kiazi tu kikikimbia. Nikangoja kijitoni mpaka jua likaegemea, nikimlaani yeye na ukoo wa mbwa wake.

Nyumbani: Baba Daon amelala ameketi, kofia ya zamu ya usiku bado kichwani. Uani, Daon yuko kando ya beseni, mikono imelowa hadi mabegani. Kiazi yuko naye, anatikisa mkia. Juu ya kabichi kumesimamishwa manyoya, moja moja, kama bendera za shule.

Nikamuuliza mwanangu, ndege yuko wapi? Akaonyesha ndani ya beseni.

Alikuwa chini kabisa, chini ya kabichi zote. Mtoto aliniona jana nikitia kila kitu chumvini. Mtoto mwelewa, sikumgombeza, nilimbusu mashavu. Kisha nikasikia gari la wanawake wa maji ya moto likisimama langoni. Nikang'oa bendera, nikamficha jogoo ndani ya ndoo, nikafunika beseni.

Jumamosi, 21 Novemba

Wanawake wa jirani walifika mapema na glavu zao nyekundu za mpira. Mamamkwe akainua kabichi moja. Ikaning'inia kama kitambaa cha kudekia. Akauma kipande cha jani. Akafumba macho kwa muda mrefu.

Ziliingia lini? akauliza. Nikasema jana. Akamtazama Baba Daon. Baba Daon akasema Alhamisi kabla hata hajaulizwa. Mume huyo!

Wakazisuuza. Wakazisuuza tena. Wakakata mafigili mabichi makubwa wakayapachika katikati yanyonye chumvi. Mama wa nyumba ya mbele akasema, "Dada, mkwe wako kaivuta bahari yote mpaka huku mlimani!" Wakacheka hadi pilipili ikawaingia machoni, nikafurahi kidogo. Kisha mamamkwe akachomoa unyoya wa kijani kutoka moyo wa kabichi. Akauinua juu.

Nikaona huo ndio wakati wangu. Nikaleta ndoo. Jogoo! nikasema. Wa Kiazi! Mamamkwe akamnyanyua, akamnusa, akanitazama. Nikamweleza kwamba nimeshamkoleza mapema.

Mjomba Man-sik akawasili na matufaha, kamba ya mbwa begani. Kamba ile! Sikuweza kuitazama. Dong-pil naye akaja, maana siku ya kimchi hakuna jirani asiyesikia harufu ya nguruwe wa kuchemsha. Mandu zikaiva. Mjomba akala moja, akanywa maji. Akala ya pili, akaomba birika lote. Dong-pil akauliza kwa sauti tamu, Mama Daon, ulimnunua mgahawa gani?

Nilikuwa nafungua kinywa. Lakini mamamkwe alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna. Akatoa kitu kidogo kati ya meno, akakidondosha kwenye sahani. Tin! Marisau, chembe ya risasi.

"Wa mgahawani hapigwi bunduki," akasema. "Kula, Dong-pil."

Dong-pil akala. Alikula tatu, jasho likimtoka.

Nikauliza, basi Kiazi? Mamamkwe akaenda chumbani kuchukua bakuli. Alikaa huko. Nikamfuata. Daon alikuwa amelala usingizi wa mchana, sikio la Kiazi ndani ya ngumi yake. Kiazi alikuwa macho, hathubutu kujigeuza. Mamamkwe kasimama tu mlangoni na bakuli tupu. Cheongsong kuna baridi sana, akasema mwishowe, kana kwamba anazungumza na bakuli.

Kisha akanigeukia, sauti imerudi mahali pake. Makubaliano ni makubaliano, mbwa abaki. Na kimchi hii ni yako, utaila wewe mpaka shayiri iote. Mjomba Man-sik, alipoambiwa apakie mitungi yake, akakumbuka ghafla kwamba ya mwaka jana bado ipo.

Jumatatu, 23 Novemba

Kiazi yuko. Kimchi pia ipo. Nimekula asubuhi na mchana, ulimi umekuwa kama ngozi ya kiatu, lakini nitaila yote nikitabasamu. Wataona!

Mamamkwe kasema mwezi ujao tutachemsha soya za kutengenezea mchuzi, na siku ataitaja yeye. Sawa. Ila nimefikiri: nikizichemsha siku moja mapema, nitapata nafasi.

Nafasi ya nini? Leo dukani Dong-pil alisema mbele ya watu kwamba ndege mmoja si uwindaji, ni ajali. Nikamwambia kabla ya Mwaka Mpya Kiazi atateremsha majogoo matatu kwa siku moja, la sivyo nitawabebea yeye na Jemadari chakula msimu mzima, na Kiazi atakwenda Cheongsong kwa miguu yake mwenyewe. Duka zima lilisikia. Suk-yeong aliziba uso kwa barua za watu.

Waache. Kosa halikuwa la mbwa. Mbwa alifanya kazi yake barabara! Kosa ni kwamba Daon alikuwa mbali. Kwa hiyo Baba Daon ataegesha gari pale kijitoni, mlango wazi, amempakata Daon. Kiazi atapeleka kila jogoo mapajani mwao, nami nitakuwa juu kilimani, mahali pangu. Beseni tutaliacha nyumbani.

Nimeshamweleza Baba Daon. Ameshikwa na njaa ghafla.