Rejeta ya Saruji

Jumatatu, 4 Agosti
Gari limechemsha tena. Palepale getini pa saiti, mbele ya watu wote! Mvuke hadi mawinguni. Kreni akanipigia honi kutoka juu. Huyu tunakaa naye chumba kimoja. Anaendesha kreni, ndiyo maana ya jina, na kwa kuwa anatuona sote utosini anadhani anajua kila kitu.

Jumamosi mdogo wangu wa kike anaolewa, huko nyumbani kwetu. Nilimwahidi hatapanda gari la kuazima siku yake, atapanda la kaka yake. Mama ameshawatangazia majirani wote. Kwa hiyo litafika. Litake lisitake, litafika!

Jumanne, 5 Agosti
Nimelipeleka kwa fundi, nyuma ya uzio wa saiti. Alifungua boneti, akaguna kama daktari. Akasema rejeta inavuja, inatakiwa nyingine. Nikauliza kama hakuna dawa. Akasema dawa yenyewe ndiyo hiyo, rejeta nyingine.

Mafundi bwana! Tangi la nyumba likivuja, hulitupi. Unaziba. Nimeziba mangapi mimi, mwashi? Nikamshukuru, nikafunga boneti mwenyewe. Ilibidi niikalie ndipo ifungike.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekoroga saruji na ile dawa ya kuzuia maji. Laini kabisa. Nikaipiga rejeta lipu kwa nje, nikaweka na pima maji. Imenyooka kuliko kuta za nyapara wetu! Kreni akapita na ndoo yake ya kuogea, akauliza kama nitaweka na dirisha. Hasidi huyo.

Halafu nikakumbuka: tangi huzibwa kwa ndani. Saruji ilikuwa imebaki. Nikaimimina ndani, yote. Kutupa ni dhambi.

Alhamisi, 7 Agosti
Imeganda. Haivuji hata tone! Tatizo, haiingii hata tone pia.

Gari likazimika katikati ya njia ya lori la zege. Nyapara akaja mbio, shati nje. Akasema nisipoliondoa ataimwaga zege juu yake na kuliita nguzo. Tukasukuma. Halikwenda popote. Ndipo Kreni akashusha mikanda yake, na gari langu likapaa.

Saiti nzima iliacha kazi. Walishangilia kama mpirani. Mimi nilisimama chini nikilitazama tumbo lake, kutu tupu, na kichwani nikamwona mdogo wangu anaingia gari la mtu. Nikaenda bombani nikajifanya naosha uso.

Kreni akalivusha juu ya uzio, akalitua kwa fundi polepole kama yai.

Ijumaa, 8 Agosti
Fundi alicheka hadi akakaa chini. Akaniomba ile rejeta aitundike mlangoni, watu waone. Nikamwambia mtu hatoi kitu bure. Akanipa ya gari lililogongwa, kuukuu lakini nzima. Nimemlalia, hajui!

Kreni alimsaidia kufunga. Mimi niliambiwa nishike tochi na nisiguse chochote. Nilipouliza kwa nini anajisumbua, Kreni akasema amechoka kunisikia kila siku nikimtaja huyo bibi harusi, bora aende akamwone. Kisha akasema anakuja kwa sababu nyingine pia: kunichunga. Tukaondoka jua lingali juu. Tumefika salama. Mama amelipapasa gari kama mtoto.

Jumapili, 10 Agosti
Jana mdogo wangu alipanda! Maua kwenye boneti, mama kiti cha nyuma akipungia hata watu asiowajua. Mshale wa joto haukucheza. Bibi harusi akaninong'oneza, kaka, nilijua hutaniangusha. Nikamwambia gari hili nimelitengeneza kwa mikono yangu. Kreni akakohoa njia nzima. Vumbi, nadhani.

Leo asubuhi nimeinama kuchungulia chini. Oili inadondoka. Kidogo tu. Fundi angesema kitu fulani kibadilishwe, namjua. Lakini kwenye buti nina ndoo ya gundi ya vigae, na vigae nilivyobandika mimi havijawahi kuanguka.

Kreni bado anakoroma. Mwiko nimeazima jikoni kwa mama.