Albamu Ndani ya Geti

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepewa wiki moja nilete sauti, la sivyo natoka bendini. Radi, mpiga gitaa na mkubwa wetu, aliyasema hayo kwa upole. Ndiyo maana yaliuma. Albamu yetu ya muziki wa metali nzito imekamilika, imebaki sauti za kiwanda tu: anataka vyuma vigongane nyuma ya gitaa, msikilizaji ajihisi anasagwa. Kijiko, mpiga ngoma, akauliza kwani mimi nina kazi gani, maana kinanda nakipiga nimewapa watu mgongo. Kweli tupu. Lakini sina marafiki wengine duniani! Nikajisikia nikisema mjomba wangu ana karakana ya kuchomelea. Mdomo uliponza kichwa. Radi akanikabidhi kinasa sauti chake. Albamu nzima imo humo. Nakala nyingine hakuna.

Jumanne, 5 Agosti
Nilikwenda kuomba ruhusa. Hotuba nilikuwa nayo kichwani. Nikasema shikamoo mjomba, hotuba ikayeyuka. Akauliza kama mama anaumwa. Hapana. Akauliza basi kama nina njaa. Nikala. Nikarudi nimeshiba, bila sauti hata moja.

Jumatano, 6 Agosti
Mbinu mpya! Mwenye haya haombi ruhusa, anajificha. Geti la mama wa duka la dawa lilikuwa limelazwa mezani, mabomba yake wazi. Mjomba alipokwenda kunawa, nikawasha kinasa sauti, nikakisukumia ndani ya bomba. Sauti kutoka tumboni mwa chuma! Kijiko hawezi kuwaza hivyo hata akizaliwa mara ya pili. Nyundo zikalia. Mashine ya kukatia ikapiga mayowe kama fisi aliyebanwa na mlango. Nilikaribia kulia kwa furaha.
Ndipo mjomba akaniita nimshikie upande mmoja. Nikashika. Akaziba mabomba yote, akachomelea, huku akinielimisha kwamba bomba lililo wazi hunywa mvua, huoza kwa ndani. Nikasema asante mjomba. Nilisema ASANTE!

Alhamisi, 7 Agosti
Geti limeshafungwa kwa mwenyewe. Nikaenda kulitikisa. Kitu kinacheza ndani. Mama wa dawa akatoka, akauliza nataka nini. Nikasema nalisifia. Akamwita mumewe aje asikie. Nikalisifia upya. Radi alipopiga simu nikamwambia sauti zimetoka ndani kabisa ya chuma. Si uongo.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama wa dawa kalirudisha geti, ati linagongagonga kila likifunguliwa na mumewe sasa anapita mlango wa nyuma. Kazi ya mjomba haijawahi kurudishwa. Akaniomba nimshikie upande mmoja, akakata kifuniko cha bomba. Kinasa sauti kikaanguka miguuni petu, kimeyeyuka kama mshumaa. Akakitazama, akanitazama. Si ungesema tu, mwanangu, akasema, ningekugongea kutwa nzima.
Natamani angenipiga.
Kwa Radi nilikwenda na lile donge la plastiki, nikaliweka mezani. Halihitaji maelezo. Kijiko alitukana. Radi alikaa chini tu, akalishika kama kifaranga aliyekufa. Nimetolewa. Nyimbo tunaziandika kwa Kiingereza cha shule, ila kulia nalia kwa hii lugha ya nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti
Mjomba kaniita asubuhi. Kasema niwaambie wenzangu waje warekodi upya karakanani kwake, yeye mwenyewe atawagongea chochote. Ni maneno machache tu ya kusema! Nikafika hadi mlangoni kwa Radi. Nikainua mkono nibishe. Mkono ukagoma. Ndipo nikaiona ngoma kubwa ya Kijiko, imeanikwa nje, ina tundu mbele. Nikaingia kichakani, nikajirekodi kwenye simu niliyoazima kwa mama yangu: msamaha wote, karakana, kila kitu. Nikaiacha rekodi ikijirudia, nikaitumbukiza simu kwenye tundu. Wataisikia wenyewe, na mimi sitakuwepo. Akili iliyoje!
Kijiko akatoka na gundi na kiraka kipana cha ngozi, anafoka peke yake, hata simu haisikiki, kwamba tundu hilo linaharibu mlio. Akaniona. Akasema walau leo niwe na faida, nimshikie upande mmoja.
Nikashika.