Korongo Hamfikii Mbuzi

Jumatatu, 10 Machi

Theluji bado iko mlangoni. Padre kaniambia Kwaresima hii hasira zangu niziandike, nisiwarushie watu. Haya. Shule sikuiona hata paa. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu Bronek kwa lebo za chupa, kwa hiyo naanza na bia.

Mwanangu Zigi anataka kumng'oa Mbuzi!

Baa yetu ina mabomba mawili. La kulia lina mpini wa kichwa cha mbuzi, Bronek aliuchonga mwenyewe kwa kisu cha mfukoni. Pembe moja fupi, maana alipiga chafya. Humo hutoka Mbuzi Mzee, bia ya wazee wetu, chungu inavyotakiwa. La kushoto lina shingo ya ndege ya plastiki. Humo hutoka Korongo. Bia ya ngano, ina ukungu kama maji yaliyochemshia viazi, na kipande cha chungwa kwenye ukingo wa glasi. Bia imevaa kipuli!

Zigi anasema jimbo zima la Wisconsin linamsifu Korongo. Eti yeye ni mlango: mtu anayeogopa bia huanza naye, kisha huingia ndani, kwenye bia nzito za mafundi wadogo wanaopika bia yao wenyewe. Nikamuuliza ni mlango gani huo ambao mteja wetu Verna Tollefson amesimama kizingitini tangu mumewe yuko hai na hajaingia. Akatoa hukumu: Ijumaa, siku ya kukaanga samaki badala ya nyama, tutafungua mapipa mawili mapya yaliyo sawa. Litakalokwisha kwanza, bia yake inabaki. Lingine linaondoka na mpini wake.

Mpini wake! Wa Bronek wangu! Nimemwambia nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Akasema: Najua, Mama, unaniambia kila Jumatatu. Nikampa supu. Amekonda.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza vita. Nilimwambia Verna kwamba Korongo huvimbisha vifundo vya miguu. Akasema: Afadhali, Genia mwenzangu, vyangu vimevimba zamani na nilikuwa natafuta wa kumsingizia. Akaagiza mwingine.

Nikaficha machungwa yote ndani ya pipa la unga. Bila chungwa, Korongo ni nani? Sifa zote ni za chungwa! Verna akafungua mkoba, akatoa chungwa lake na kisu kidogo, akakata palepale huku akinitazama. Mlutheri anatembea na kisu!

Zigi kayaona machungwa kwenye unga. Alitikisa kichwa tu, kama baba yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata! Bronek angenibusu.

Mipini ile hufunguliwa kwa mkono, kama kifuniko cha mtungi. Zigi alipokwenda kuchukua samaki, nikaibadilisha. Sasa ukivuta Korongo, anatoka Mbuzi. Ukivuta Mbuzi, anatoka Korongo. Watu ni kondoo, kesho wengi wataagiza Korongo. Waagize! Kila kikombe kitalimaliza pipa la Mbuzi, na Mbuzi atashinda kwa mdomo wa adui zake. Nani anasema lazima mtu asome?

Kuna ukungu, lakini. Mbuzi ni mwangavu, Korongo ni tope; kwenye glasi wangegundua. Nikateremsha vikombe vya udongo vya zamani, vyenye kifuniko. Nikamwambia Zigi ni kwa heshima ya Kwaresima. Akafungua mdomo kuuliza. Nikamtia kipande cha keki mdomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Jamani!

Watu walijaa hadi nje kwenye theluji. Mimi jikoni na rojo langu la kuchovya samaki: unga, chumvi, bia. Bia ndiyo roho yake. Nachota kwa ndoo, kama kila Ijumaa tangu niolewe.

Verna kaagiza Korongo, yaani kapewa Mbuzi. Akaning'iniza chungwa, akafumba macho, akatangaza kwamba hii ndiyo bia yenye adabu, na wanaokunywa Mbuzi wakapimwe ulimi. Mzee Aloyzi, anayefuga ng'ombe na kunuka ng'ombe, kaagiza Mbuzi, yaani kapewa Korongo. Akapiga meza. Akasema Mbuzi wa leo kanenepa, na Korongo waachiwe wanaonyonya bado. Nikacheka ndani ya aproni hadi nikapaliwa.

Samaki nao! Sijawahi kusikia sifa hizo. Mwepesi, mkavu, anakatika kwa sauti. Watu wakarudia sahani, nami nikarudia ndoo. Verna alikuja hadi mlango wa jikoni kuuliza nimetia nini. Nikamwambia mkono wangu, mama, huo huuzwi.

Mara bomba la mbuzi likakohoa povu. Nikaruka, nikapiga mwiko juu ya sufuria: Mbuzi kwisha! Mbuzi kashinda! Wazee wakasimama. Aloyzi alinibusu, akanuka.

Zigi akashuka chini kwenye mapipa. Akapanda polepole. Akaninong'oneza: Mama, pipa lililokwisha ni la Korongo.

Ndoo! Mkono wangu mpumbavu! Ijumaa zote hizi unakwenda wenyewe kwa mbuzi, na leo umekwenda vilevile, umesahau kwamba mipini nimeibadilisha. Ndoo baada ya ndoo, nimemmaliza Korongo mimi mwenyewe. Nimemkaanga!

Jumamosi, 15 Machi

Sijala. Nimeupangusa mpini kwa mafuta, nikauweka ndani ya soksi ya Bronek.

Zigi kaja, kakaa kitandani. Alisema tangu Alhamisi alijua ile mipini imebadilishwa, maana pembe fupi ilikuwa inatazama ukutani. Nikamwita nyoka. Akasema ahadi ni ahadi, pipa la Mbuzi haliagizwi tena. Nikalia kwa sauti, makusudi, kisha si makusudi. Akanishika bega. Akasema hukumu yake ilikuwa mbaya upande mmoja: ile plastiki ndiyo itakayotupwa. Korongo atatoka kwenye mpini wa Baba. Na kwa kuwa Aloyzi kapenda Mbuzi aliyenenepa, aendelee kumnywa bila kujua ni Korongo, na vikombe vya udongo vibaki hadi Pasaka.

Nikamwambia huo ni udanganyifu. Akacheka hadi akashika ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa, baa imejaa. Bomba moja, mpini mmoja. Verna ananywa Korongo wake na chungwa. Aloyzi anaagiza Mbuzi wake bila chungwa. Wanatukanana kwa furaha kutoka meza mbili. Verna anamwambia ulimi wake ni wa ng'ombe. Aloyzi anamwambia akanunue ndizi pia, atengeneze saladi.

Nami nikajimiminia kimoja. Nikautazama mpini wa Bronek, pembe fupi mbele. Nikanywa chote.

Tamu! Chungu panapotakiwa, laini panapotakiwa. Nimewaambia tangu Jumatatu, hawasikii: Korongo hamfikii Mbuzi hata kidogo.

Ijumaa nayaficha tena machungwa. Safari hii kwenye mkoba wa Verna, hawezi kuyatafuta humo.