Dola Kubwa ya Kichochoroni

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika makamanda wote walionifokea, mke mmoja aliyefoka kuwazidi, redio kadhaa na meno yangu yote ya juu. Kituo cha mpaka nilichokilinda kimeshabomolewa. Mimi sijabomoka.

Kuandika nilijifunza kwa kunakili namba za malori, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na zimesimama wima kama gwaride. Sioni kosa hapo.

Sababu ya kuandika ni mjukuu wangu wa kike. Nimemlea tangu anatambaa, sasa anataka kuwa ofisa wa jeshi. Mtihani wa maandishi kapita. Bado mahojiano, na bado watu wa upekuzi, wale wanaokuja mtaani kimyakimya kuwauliza majirani kama familia ya mwombaji ni ya kuaminika. Mimi namwita Luteni tayari. Hapendi. Anasema, babu, utaniletea nuksi.

Mada ya mahojiano: dola kubwa na nchi zinazopakana nayo. Loo! Mada yangu! Nani mwingine mtaa huu kaishi mpakani? Maisha yangu yote ya kazi nimeinua na kushusha boriti ya njia, ule mti wa kuzuia magari. Nchi mbili zimepita chini ya kwapa langu.

Jioni kanisomea kitabu chake. Eti dola kubwa ikiwabana wadogo, wadogo hutafuta rafiki mwingine. Nikamwambia aliyeandika hayo hajawahi kushika boriti. Boriti ikiwa juu, dereva anakupita kama anapita kisiki. Ikiwa chini, anashuka, anavua kofia, anakuuliza watoto hawajambo. Mapenzi yote ya jirani yamo kwenye kile kipande cha mti! Luteni kacheka mpaka akapaliwa. Akasema nikawaambie hivyo majenerali, nione. Hakujua kuwa kanipa wazo.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Uwanja wa mafunzo ninao! Nyumba yangu iko mbele, inatazama barabara. Nyuma yangu wanaishi fundi cherehani, mama wa saluni na muuza mkaa. Wote wakitaka barabara wanapita kichochoro kilicho chini ya dirisha langu. Kichochoro si changu. Lakini ndiyo maana ya dola kubwa, si lazima kitu kiwe chako.

Nimetengeneza boriti. Mti wa mkaratusi, mwishoni kopo lililojaa saruji, inainuka kwa kidole. Nyekundu ni rangi, nyeupe ni chokaa. Nilipomaliza nilisimama kuitazama, nikaipigia saluti.

Luteni aliporudi akauliza hii ni nini tena. Nikasema ni somo kwa vitendo. Akaniomba niing'oe kabla watu hawajaiona. Aliomba kwa adabu, kwa hiyo sikuona kama ana haraka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Ushindi! Muuza mkaa kasimama na mkokoteni wake, kaniamkia vizuri, kauliza mgongo unaendeleaje. Miaka yote hiyo hajawahi kuuliza habari za mgongo wangu! Nikamweleza kuanzia juu mpaka kiunoni. Mama wa saluni kasimama na mteja aliyesukwa nusu kichwa, kaniita baba, baba yangu, baba yangu mzuri, tupishe basi. Nikawapisha baada ya baba wa tatu.

Adui ni fundi cherehani. Kauliza kama siku hizi natoza ushuru wa suruali. Nikasema natoza salamu tu. Akasema salamu yake kaisahau nyumbani, ataileta kesho. Kisha akainama akapita chini ya boriti. Chini! Mtu mzima, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni! Mpakani tungemrudisha alikotoka, na utepe tungebaki nao.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Boriti nimeishusha hadi magotini. Fundi kairuka. Kumbe ana miguu mirefu, mshenzi yule.

Nikaingia hatua ya pili: wagawanye. Nikamnong'oneza mama wa saluni kwamba fundi anasema vichwa anavyosuka vinafaa kufagilia uwanja. Nikamnong'oneza fundi kwamba mama wa saluni anasema suruali zake mguu mmoja unakwenda kazini na mwingine unabaki kulala. Nikavuta kiti nisubiri vita.

Alasiri nikasikia kicheko uani kwao. Wamekaa wote watatu, wanasimuliana. Wananiigiza mimi! Mama wa saluni anajifanya anainua mti huku anakohoa. Mimi sikohoi hivyo. Luteni alikuwa katikati yao anasukwa. Yeye peke yake hakucheka. Afadhali angecheka.

Aliporudi akaniambia watu wa upekuzi wanaweza kuja siku yoyote, na wakija hawataniuliza mimi, watawauliza wale. Akasema, babu, maisha yangu yako midomoni mwa watu unaowasimamisha. Nikamwambia ondoa shaka, wananiogopa. Akanitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka, kisha akaenda kuosha vyombo. Nilitaka kumwambia neno zuri. Nikamwambia vyombo havijatakata.

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Hujuma! Wametoboa ukuta wa nyuma! Mwenye mashine ya kusaga wa mtaa wa pili kawaruhusu wapite uani kwake. Sasa wanatoka kwa yule, wanaingia kwa yule, wanasalimiana na yule. Luteni kaniletea kitabu, kakifungua ukurasa ule ule wa rafiki mwingine, kakiweka mezani, kaondoka. Kitabu kimebahatisha.

Nimekaa na boriti yangu kutwa. Hakupita mtu. Kapita kuku, nikamwinulia.

Jumatano, tarehe 13 Machi
Herufi za leo hazijasimama.

Asubuhi katokea mtu kutoka barabarani. Shati jeupe, mkoba, viatu vinang'aa. Nami nilikuwa na kiu ya kumsimamisha mtu. Nikamsimamisha. Akasema anakwenda huko nyuma. Nikasema kwa nani, kufanya nini, nani kakutuma? Akasema ni shughuli ya kiofisi. Nikasema hapa ofisi ni mimi, fungua mkoba. Akakataa. Nikamwambia basi asimame juani afikirie. Akasimama! Nikajisemea, huyu ana nidhamu. Nikamsimulia habari za mpaka zote, tangu kuajiriwa kwangu hadi kustaafu. Nilifurahi kupata msikilizaji. Mwisho akaniaga kwa upole, akazunguka mtaa wa pili, akaingia kwa lile tundu.

Nikakimbilia dirisha la nyuma. Namsikia anamuulizia mjukuu wangu, naye Luteni yuko pale pale kati ya majirani.

Fundi cherehani, adui yangu yule yule, akasema huyu binti mkimwacha mtajuta. Muuza mkaa akasema mkewe alipozidiwa, binti ndiye aliyemshika mkono njia nzima hadi hospitali. Mama wa saluni akasema hajawahi kumsikia akitukana, hata akivutwa nywele, na wewe mgeni hujui maumivu ya kusukwa. Hakuna aliyelipiza. Nilikuwa nimejiandaa walipize.

Kisha yule mtu akauliza, na yule mzee wa boriti ni nani wake?

Mama wa saluni akasema haraka, aa, yule ni mzee wa watu tu, kapanga hapo mbele. Fundi akadakia, ndiyo, hana ndugu, maskini. Muuza mkaa akaguna kukubali. Walikuwa wanamwokoa mtoto. Nami nilishika nondo za dirisha, nikaomba moyoni: kubali, Luteni. Nikane.

Akasema hapana. Huyo ni babu yangu. Ndiye aliyenilea.

Yule mtu akaandika kwa muda mrefu.

Ijumaa, tarehe 22 Machi
Jibu la upekuzi limekuja. Mwombaji anafaa, lakini nyumbani kwake kuna mgogoro wa njia na majirani. Ameahirishwa hadi mwakani. Mwakani ndiyo mwisho, baada ya hapo umri hauruhusu.

Hakunifokea. Kachemsha chai, kanimiminia mimi kwanza kama siku zote. Ningependa angenirushia kikombe. Nikamuuliza kwa nini hakunikana wakati wenzake walishamtengenezea njia. Akasema hawezi kuanza uofisa kwa uongo. Akanywa. Halafu akasema, na babu ninaye mmoja tu.

Nikatoka nje nikaing'oa boriti. Ilitoka kirahisi. Nilitaka inishinde kidogo, nihangaike nayo, Luteni anione dirishani nikihangaika. Hakuwa dirishani. Alikuwa kaenda kwa mama wa saluni kuomba kibarua cha kufagia nywele mpaka mwakani. Ofisa wangu, na fagio.

Maisha yangu yote nimewainulia boriti watu nisiowajua. Wangu wa damu nimemshushia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumapili, tarehe 24 Machi
Nimefikiri siku mbili, chakula hakipiti. Leo nimepata jibu. Kosa langu nimeliona!

Mahali! Boriti niliiweka upande usiofaa!

Majirani sasa wanapita kwenye tundu la ukuta. Tundu liko wazi, halina mlango, halina mlinzi. Mwizi akiingia? Mwakani watu wa upekuzi wakija wakute watu wameibiwa, watasemaje kuhusu mtaa wetu? Na dola kubwa ikiwakosea jirani zake inafanya nini? Inawapelekea msaada! Hilo nimelikuta kwenye kitabu, ukurasa wa mbele kidogo. Maelezo ya chini yake yalikuwa marefu, sikuyamaliza.

Basi kulipopambazuka nimeihamisha. Rangi mpya, saruji zaidi kwenye kopo. Kiti changu nacho nimekibeba, niko nacho hapa tunduni. Bure kabisa! Hawajaomba, lakini jirani mwema hangoji kuombwa. Luteni akiamka atakuta mgogoro wa njia umekwisha, maana njia zote mbili sasa zina ulinzi. Ile ya kichochoroni nimeifunga kwa kabati mpaka nipate mti mwingine.

Atakayesema natia chumvi, mashahidi wapo. Amuulize fundi cherehani. Ndiye wa kwanza kusimamishwa leo, na ninapoandika haya bado yuko upande wa pili wa boriti, anasema maneno ambayo mtu aliyelelewa vizuri hayaandiki. Nyuma yake yuko muuza mkaa, kisha mama wa saluni, kisha mwenye mashine ya kusaga, aliyekuja huku kabla sijashusha boriti, nami nimemkatalia kurudi uani kwake mwenyewe kwa sababu hakunisalimia. Wote wananifahamu. Waulizeni.