Komando Umeme Atolewa Kitabuni

Gazeti la Jumanne lilitufikia Sumbawanga Ijumaa, kama kawaida yake. Ticha Fransisko akatusomea kwa sauti kijiweni petu pa kahawa: siku hizi ni ruksa, mtu binafsi naye anachapa vitabu, na kampuni moja ya Dar inatafuta hadithi za picha.

Hapo Modesti, mchora mabango tuliyemwita Brashi, akatoa kwenye kikapu kitabu kinene alichokishona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Hadithi tisa za shujaa wake, Komando Umeme. Miaka minne anachora, hakutuambia.

"Basi la Mbeya linaondoka saa sita, nataka nimpe dereva kianze safari ya Dar," alisema. "Nisomeeni kwanza. Semeni ukweli."

Masikini! Kaomba ukweli kijiweni.

"Umeme?" Shigela akaanza. Huyu ni dalali wa mnadani, jina lake la utani Mizani, maana kwake hakuna kitu kisichopungua. "Umeme wa hapa ukipiga chafya unazimika. Shujaa wako atafanya kazi lini?"

"Na mbona kavaa chupi juu ya suruali?" Ticha akauliza.

"Mitumba hiyo, Ticha!" Mizani akadakia. "Kafungua robota mpakani Kasesya, hajui kipi kinatangulia."

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Ukurasa wa pili anaruka angani bila ndege," nikaongeza.

Mizani akapiga paja. "Sumbawanga hii? Brashi, mdogo wangu, mtu akionekana anaruka hapa haitwi shujaa. Unaitishwa mkutano wa kijiji, mchawi kanaswa!"

"Lakini ana nguvu, kaka. Anainua lori," Modesti akajitetea.

"Si aje barabara ya Tunduma, yamejaa kwenye tope! Mahindi yetu yananyeshewa, ushirika umelala, yeye anapigana na jitu la kijani lenye macho matatu. Jitu la watu limemkosea nini?"

"Kitaalamu," Ticha akakohoa, "wahusika wote wana kidevu kimoja."

"Mpaka bibi!" nikasema.

Modesti aliinama, akawa anafuta rangi ambayo haikuwepo vidoleni.

Silvana, muuza kahawa wetu, hakucheka. Alikuwa anafunua kurasa taratibu, akasimama kwenye hadithi ya saba.

"Hawa ni kina nani?"

Tukasogea. Wanawake wanne wamebeba mjamzito kwenye machela, wanapanda mlima kutoka Wampembe, kule ziwani. Kila mmoja ana sura yake. Mmoja kandambili imekatika, anaivuta. Komando Umeme anatokea ukurasa wa mwisho, wanawake wamekwishafika hospitali.

"Aliyelala ni mama yangu," Modesti akasema. "Wabebaji nawajua wote."

"Alipona?" Silvana akauliza.

"Yeye alipona. Mdogo wangu hakupona."

Mizani akakichukua kitabu, akaisoma ile hadithi mwanzo mpaka mwisho, kisha akairudia. Hatukuwahi kumwona akisoma hata tangazo la mnada.

"Sasa huyu mwenye chupi," akauliza, kwa sauti ya chini safari hii, "hapa kaja kufanya nini?"

Modesti akaufunua ule ukurasa wa mwisho.

"Hakuna kitu."

"Basi mtoe."

Ticha akatoa wembe wake wa kuchongea penseli. Modesti akakata uzi: hadithi nane pembeni, pamoja na ule ukurasa wa mwisho wenye Komando. Kitabu kinene kikabaki kurasa kumi na mbili. Akakimbia nacho stendi, basi likiwa linapiga honi.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Modesti alilileta kijiweni bila kulifungua, Ticha akasoma:

"Ndugu msanii, picha zako ni nzuri sana. Tatizo ni moja tu, hadithi haina shujaa. Tafadhali mwongeze, utuletee tena."

Mizani alitukana tusi la Kisukuma ambalo hakututafsiria.

Silvana akaichukua ile barua mkononi mwa Ticha, akaigeuza nyuma, akaona hakuna kingine.

"Wapo wanne na machela yao," akasema, "na hao wa Dar hawajamwona hata mmoja?"